Nguruwe wa Bollène

Kusini mwa nchi ya Ufaransa, katika jimbo la Vaucluse, uko mji mdogo uitwao Bollène. Mwaka 1882 wafugaji wa huko walifikiwa na msiba. Nguruwe alishikwa na homa kali, akaacha kula, ngozi yake ikatoka mabaka mekundu, na mara nyingi akafa baada ya siku chache.

Mwezi wa Machi mwaka huo huo, kijana mmoja, Louis Thuillier, msaidizi wa mtaalamu mashuhuri Louis Pasteur, alikuwa amekwisha kugundua kijidudu kinacholeta ugonjwa huo. Mwezi wa Novemba Pasteur mwenyewe, ingawa alikuwa na umri wa miaka 59 na amepooza upande mmoja, alifunga safari pamoja naye kwenda Bollène.

Lakini kumjua adui si kumshinda. Mwaka 1881 Pasteur alikuwa ameonyesha hadharani chanjo ya kimeta; kwa ugonjwa huu ilimpasa atafute njia nyingine. Alikipitisha kijidudu katika miili ya njiwa, kikatoka kikali zaidi kwa nguruwe. Ndipo akakipitisha kutoka sungura hadi sungura. Sungura waliugua na kufa, lakini kadiri kijidudu kilivyozoea miili yao, ndivyo kilivyopoteza ukali wake kwa nguruwe. Nguruwe aliyechanjwa kwa kijidudu hicho aliugua kidogo tu, akapona, na tangu hapo akawa na kinga. Dawa ya moto ni moto.

Thuillier hakuyaona matunda ya kazi hiyo. Mwezi wa Agosti 1883 alikwenda Misri kuchunguza kipindupindu kilichokuwa kikiwaua watu, na tarehe 19 Septemba kikamwua yeye mwenyewe mjini Alexandria, naye ana miaka 27 tu. Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa mshindani mkubwa wa Pasteur, alikuwa miongoni mwa waliolichukua jeneza lake. Mwezi wa Novemba, Pasteur alipoitangaza chanjo ya nguruwe mbele ya wataalamu wa Paris, aliliweka jina la marehemu pamoja na lake.

Ugonjwa huo ungaliko hata leo, lakini chanjo huuzuia, na penisilini huuponya ikitolewa mapema. Basi mfugaji aonapo nguruwe wake wazima zizini, na akumbuke kwamba amani hiyo ilinunuliwa kwa jasho la watu ambao wengine wao hawakuishi kuiona.