Tathmini ya Kikanda: Simba wa Wapi?

Je, simba yuko hatarini kutoweka? Anayejibu kabla ya kuuliza "simba wa wapi?" atapotosha. Katika Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, simba kama spishi yumo kwenye daraja la walio mashakani, la chini kati ya madaraja matatu ya hatari. Lakini simba wa Afrika Magharibi walipotathminiwa peke yao, mwaka 2015 waliwekwa daraja la juu, hatarini mno. Utafiti uliotolewa mwaka mmoja kabla ulikadiria kuwa wamebaki kama 400 tu, kuanzia Senegali hadi Nigeria. Na huko kusini, Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe, simba walikuwa wakiongezeka. Hesabu ya bara zima iliwameza wale wa magharibi.

Kuwapima wanyama wa eneo fulani bila kuwachanganya na wenzao wa kwingine ndiko kunakoitwa tathmini ya kikanda. "Kanda" hapa si Kanda ya Ziwa wala ya Pwani, na anayeandika "tathmini ya mkoa" hupotea zaidi. Ni eneo lolote lililo dogo kuliko dunia: bara, nchi, hata kisiwa. Kiambishi ki- kinasaidia, kwani "kikanda" hakimfungi msomaji kwenye ramani ya utawala.

Kinachonisumbua zaidi ni maneno yanayofuata katika jina lake kamili, "hali ya uhifadhi". Yamezoeleka, lakini msomaji huyaelewa kama ubora wa ulinzi: askari wako wangapi, doria zinafanyika vipi. Kumbe kinachopimwa ni uwezekano wa mnyama kutoweka. Faru weusi hulindwa kwa bunduki usiku na mchana, na bado wamo daraja la hatarini mno. Kwa hiyo napendekeza tuandike wazi: tathmini ya kikanda ya hatari ya kutoweka. Ni ndefu, ila haidanganyi.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua mbili. Kwanza vigezo vya dunia hutumiwa kwa wanyama wa eneo hilo peke yao. Wakiwa wamepungua kwa asilimia 80 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kwa kufuata muda ulio mrefu zaidi, au wazima wenye uwezo wa kuzaa wakiwa chini ya 50, wanaingia daraja la hatarini mno. Hatua ya pili ndiyo inayoitofautisha tathmini hii, nayo huwaangalia majirani. Tembo wa Mkomazi, Tanzania, na wa Tsavo, Kenya, huvuka mpaka bila pasipoti. Wakipungua upande mmoja, wa upande wa pili wanaweza kuhamia na kuziba pengo, hivyo mtathmini huruhusiwa kushusha daraja la hatari. Hali hiyo ningeiita nusura ya jirani. Lakini nusura hiyo inahitaji njia iliyo wazi. Mashamba na uzio vikiziba mapito, au jirani mwenyewe akiwa anapukutika, daraja halishuki, na pengine hupandishwa. Ndiyo maana mtathmini wa nchi moja hawezi kufanya kazi yake bila takwimu za nchi ya pili.

Kwa chura wa Kihansi, aliyeishi kwenye korongo moja tu la milima ya Udzungwa, hatua hiyo ya pili haina kazi. Asiye na ndugu kwingine, daraja lake la Tanzania ndilo la dunia.

Tathmini ya kikanda pia ina daraja ambalo orodha ya dunia haina: kutoweka kikanda. Tafadhali tusilifupishe kuwa "kutoweka", maana huko ni kwisha duniani kote. Rwanda ilipoteza simba wake wote baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilhali Tanzania jirani walikuwepo wengi. Mwaka 2015 simba 7 waliletwa Hifadhi ya Akagera kutoka Afrika Kusini. Kuletwa tu hakumtoi mnyama kwenye daraja hilo. Hutathminiwa upya pale waliorudishwa wanapozaa bila kusaidiwa na watoto wao wakaonekana kuwa na uwezo wa kuishi. Simba wa Akagera wamezaa.