Kutoka Fadhila hadi Maombi: Uteuzi wa Majaji wa Mahakama ya Jimbo la Ontario, 1968–2021

Nchini Kanada, majaji wa mahakama za majimbo ndio wanaosikiliza sehemu kubwa kabisa ya mashauri ya jinai. Hata hivyo, kwa muda mrefu mwanasheria wa Ontario aliyetamani kiti hicho hakuwa na utaratibu wa wazi wa kukiomba. Insha hii inachunguza jinsi utaratibu huo ulivyoanzishwa. Hoja yake ni kwamba maombi yalipunguza nguvu ya fadhila za kisiasa, lakini hayakuiondolea serikali neno la mwisho.

Chimbuko la suala hili ni Katiba ya 1867. Ibara ya 96 ilimpa Gavana Mkuu mamlaka ya kuteua majaji wa mahakama za juu, ilhali mahakama za chini zilibaki mikononi mwa majimbo. Huko Ontario, mashauri ya ngazi hiyo yalisikilizwa na mahakimu, ambao baadhi yao hawakusomea sheria. Sheria ya 1968 iliweka majaji wa jimbo mahali pa mahakimu hao. Cheo kilipanda, lakini njia ya kukipata ilibaki ileile: kufahamika kwa wenye madaraka.

Mwaka 1985, katika shauri la Valente, ilidaiwa kwamba jaji wa jimbo hilo hakuwa huru. Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ililikataa dai hilo, ikabainisha nguzo tatu za uhuru wa jaji: kutoondolewa kiholela, uhakika wa malipo, na mahakama kusimamia yenyewe shughuli zinazogusa utoaji wa hukumu. Ikumbukwe kwamba nguzo zote tatu humlinda jaji aliyekwisha kukalia kiti. Hazisemi amekifikiaje.

Pengo hilo lilishughulikiwa mwaka 1988, pale Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ian Scott, alipotangaza kamati ya majaribio ya kushauri kuhusu uteuzi. Mwenyekiti wake wa kwanza, Peter Russell, alikuwa mtaalamu wa sayansi ya siasa. Nafasi zilitangazwa, mwombaji alipaswa kuwa na uzoefu wa uwakili wa miaka 10, kujaza fomu ndefu, kuchunguzwa sifa zake kwa siri na kufanyiwa usaili. Wanasheria wanawake nao walihimizwa waombe. Mwaka 1995 kamati ilipata nguvu ya kisheria ikiwa na wajumbe 13, ambao 7 kati yao hawakuwa majaji wala wanasheria. Mwanasheria Mkuu, ambaye ni waziri na mwanasiasa, alilazimika kuchagua kutoka katika orodha ya kamati, yenye angalau majina mawili.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa. Orodha sasa hubeba angalau majina sita, na wajumbe wanasheria huteuliwa na Mwanasheria Mkuu kutoka miongoni mwa majina yanayopendekezwa na vyama vyao. Waliotetea mabadiliko walitaja kasi ya kujaza nafasi. Waliopinga waliona mlango wa siasa ukifunguliwa upya.

Kwa hiyo, urefu wa orodha si jambo dogo la kiutawala. Kati ya majina mawili, aliyepimwa na kamati ndiye anayetangulia. Kati ya sita, waziri hupata nafasi pana ya kumtafuta amtakaye. Historia ya Ontario inaonesha kwamba uhuru wa mahakama huanza kulindwa pale mwombaji anapowasilisha fomu yake, kabla hajala kiapo.