Kofi na helikopta

Kofi la Will Smith lilimtua Chris Rock pale Los Angeles Jumapili jioni, Machi 27, 2022. Kwetu Singida ilikuwa Jumatatu alfajiri. Kufikia saa mbili, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, kila mtu alikuwa na hukumu yake. Mkaanga chapati alisema mke wa mtu hatukanwi, basi. Mimi niliirusha ile video kwenye makundi manne ya WhatsApp.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kazi yangu ni kupanga tarehe. Usiku uleule waasi wa M23 walishambulia ngome za jeshi la Kongo huko Tchanzu na Runyoni, Rutshuru. Maelfu wakakimbilia Uganda. Machi 29 helikopta ya Umoja wa Mataifa ikaanguka hukohuko, ikaua watu 8. Siku hiyohiyo (hili bado linanishangaza) marais wetu waliipokea Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kibandani sikusikia hata moja kati ya hayo, na hatukuwa tumesahau Semuliki, Desemba 2017, walikouawa wanajeshi wetu zaidi ya kumi.

Jioni jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa mlinda amani Kongo, alinisimamisha uani.

“Mwanangu, wewe una simu na unasoma. Huko Kongo kukoje?”

“Shwari tu, mama.”

Nilikuwa sijatafuta.