Seyyid Said na Ushuru wa Zanzibar

Mkataba wa 1833 kati ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa zilizoingizwa; Uingereza ilipata kiwango hichohicho mwaka 1839. Kwa kipimo hicho, Zanzibar ilikuwa soko huria. Lakini mkataba wa Waingereza uliwazuia kununua pembe za ndovu na sandarusi kwenye pwani ya Mrima, kati ya Tangata na Kilwa. Ilibidi wazifuate Unguja.

Je, katazo hilo lilikuwa la kuwalinda wazalishaji? Hapana. Merikani, kitambaa kutoka Massachusetts, kiliingia bila kizuizi, na hata wafumaji wa Benadir, pwani ya Somalia, hawakukingwa. Kilicholindwa hasa ni nafasi ya wafanyabiashara wa Unguja, pamoja na mapato ya forodha, ambayo Jairam Shivji, tajiri wa Kutch, aliyakodi kutoka kwa Sultani.