Kutoka Hâkimiyet-i Milliye hadi Ulus: Gazeti la Ankara na Lugha ya Dola

Mustafa Kemal alipowasili Ankara tarehe 27 Desemba 1919, harakati aliyoiongoza ilikwisha kuwa na gazeti mjini Sivas, İrade-i Milliye, lililoanzishwa Septemba mwaka huo mara baada ya Kongamano la Sivas. Wiki mbili baadaye, tarehe 10 Januari 1920, Ankara ikapata lake: Hâkimiyet-i Milliye, yaani Mamlaka ya Taifa.

Jina lenyewe lilikuwa hoja. Sultani alikuwa bado kitini Istanbul, nalo gazeti likatangaza kwamba mamlaka si yake. Majeshi ya Washirika yalipoukalia rasmi mji huo tarehe 16 Machi, na Bunge Kuu likafunguliwa Ankara tarehe 23 Aprili, dai hilo likageuka msingi wa serikali. Gazeti, ambalo mwanzoni lilitoka mara mbili kwa wiki, likawa la kila siku mwaka 1921.

Kiisimu, jina hilo liliundwa kwa maneno mawili ya Kiarabu yaliyofungwa pamoja kwa kiunganishi cha Kiajemi. Mzungumzaji wa Kiswahili huwatambua jamaa zake: hakimu, hukumu, mila. Neno milla, lililotaja dini na wafuasi wake, likawa taifa katika Kituruki. Kwetu likawa desturi.

Sheria ya tarehe 1 Novemba 1928 iliyapa magazeti mwezi mmoja tu kuhamia herufi za Kilatini. Wasomaji wakapungua ghafla, na serikali ikalazimika kuyapa magazeti ruzuku. Kisha, Novemba 1934, katikati ya kampeni ya kuondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi, gazeti likaitwa Ulus, yaani Taifa. Ajabu ni kwamba umbo hilo la neno, lililochaguliwa kwa usafi wake, limepitia Kimongolia.

Wanaoliona badiliko hilo kuwa la kiisimu tu hupitwa na jambo moja: taifa lilibaki katika jina, mamlaka yakaondoka. Wakati huo chama kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa ndicho dola. Hapakuwa na sultani wa kupingwa.

Chama hicho, CHP, kilishindwa katika uchaguzi wa 1950. Desemba 1953 serikali mpya ilitaifisha mali zake, na Ulus ikapoteza mitambo yake ya uchapaji.