Kumwingiza Shuleni na Kumbakiza Huko: Historia Fupi ya Waliowasomesha Mabinti wa Nchi Yetu ya Chai



Katika kijitabu cha jubilei ni desturi kuandika historia ya kwaya: sare za kwanza, walimu wa nyimbo, safari na mashindano. Hayo yana nafasi yake. Ukurasa huu unahusu historia nyingine iliyokwenda sambamba na nyimbo zetu, yaani historia ya watu waliotoa ili mabinti wa Sosiot, Kabianga, Litein, Sotik na Bomet wapate kusoma. Inatuhusu sisi wanakwaya kwa sababu harambee ya karo bila kwaya ni nadra katika nchi hii. Kwaya hufungua kwa wimbo, huimba wakati wa kutoa, na mara nyingi wanakwaya wenyewe ndio wa kwanza kusimama na noti mkononi.

Kuna jambo moja ambalo historia hii inalirudia kila kizazi. Kumwingiza msichana shuleni ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki, na iliyo ngumu zaidi, ni kumbakiza huko mpaka amalize.

MLANGO ULIOCHELEWA KUFUNGUKA

Mwaka wa 1925 serikali ya kikoloni ilifungua shule Kabianga. Ilikuwa shule ya wavulana. Miaka hiyohiyo makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalikuwa yakianza kupanda chai Kericho, na mashamba yakahitaji mikono mingi, hata ya watoto. Basi mvulana alikuwa na njia mbili mbele yake, shule au kibarua. Dada yake alikuwa na kazi ya nyumbani, kisha kutahiriwa, kisha ndoa.

Wa kwanza kumfungulia msichana mlango walikuwa wamisheni, katika vituo kama Tenwek, Litein na Kaplong. Sadaka za waumini wa ng'ambo zilinunua mbao, vitabu na chakula, na wasichana wachache wakafundishwa kusoma, kuhesabu, kushona na usafi wa nyumba. Wengi wao hawakukaa muda mrefu. Msichana alipofikia umri wa kuingia jandoni hakutazamiwa kurudi darasani, kwa kuwa akitoka huko alihesabiwa kuwa mke wa mtu. Mgeni aliweza kulipia dawati, lakini mwenye neno la mwisho alikuwa baba, pamoja na wazee wa kokwet. Hivyo tangu mwanzo ilionekana kwamba fedha peke yake hazitoshi, na kwamba bila watu wa nyumbani msaada wa mbali haufiki mwisho wa safari.

HARAMBEE, MAZIWA NA BONASI

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno harambee kuwa wito wa taifa. Serikali mpya haikuwa na uwezo wa kujenga sekondari kila mahali, hivyo wananchi wakajenga wenyewe. Walileta mawe, mchanga na mabati, wakatoa kuku na mbuzi wa kupigwa mnada. Kwa msichana shule hizo zilikuwa neema kubwa. Nafasi za bweni katika shule za serikali zilikuwa chache na wavulana walitangulizwa, lakini shule ya harambee ilikuwa karibu, na mzazi aliyeogopa kumtuma binti mbali alikubali aende kwa miguu na kurudi jioni.

Mwaka wa 1964 ikaundwa KTDA, na mkulima mdogo akaanza kuuza majani yake. Viwanda kama Litein, Kapkatet na Momul vikawa sehemu ya maisha yetu. Tangu hapo karo ya watoto wengi imefuata kalenda ya chai: malipo ya kila mwezi kwa matumizi ya nyumbani, na bonasi ya mwisho wa mwaka kwa mambo makubwa.

Lakini tuseme kweli. Mara nyingi shamba na namba ya mkulima vilikuwa kwa jina la baba, ingawa aliyeamka alfajiri kuchuma alikuwa mama. Bonasi ilipoingia, mpango wake ulipangwa na mwenye namba. Mama aliyetaka binti yake asome alitafuta fedha nyingine: maziwa ya jioni, sukuma wiki, mayai, na chama cha akina mama ambako kila mmoja alipewa zamu yake. Ukimuuliza mwanamke msomi wa umri wa makamo katika eneo hili nani alimlipia karo, usishangae akianza kwa kutaja ng'ombe wa mamake. Fedha hizo hazijaandikwa katika ripoti ya shirika lolote, lakini ni msaada kama msaada mwingine, na pengine ndio mkubwa kuliko yote. Ni za aina ya senti za yule mjane wa hekaluni.

Matunda yake tumeyaona. Marehemu Dkt. Joyce Laboso, binti wa nchi hii aliyepitia Kipsigis Girls, alifika hadi shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, akafundisha Egerton, akawa mbunge wa Sotik mwaka wa 2008. Mwaka wa 2017 alichaguliwa gavana wa Bomet, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini. Alipofariki Julai 2019 waliomlilia hawakuwa wanasiasa tu. Walikuwamo wasichana wengi waliokuwa wakimtazama kama ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana.

KARO ILIPOFUTWA

Serikali imefuta karo ya shule za msingi zaidi ya mara moja, na kila mara tumeona kiu ya wananchi. Mwaka wa 1974 karo ilipoondolewa darasa la kwanza hadi la nne, wanafunzi wa msingi nchini waliongezeka kutoka takribani milioni 1.8 hadi milioni 2.8. Kisha shule zikakosa madarasa, na wazazi wakatozwa fedha za ujenzi ambazo mahali pengi zilizidi ile karo iliyofutwa. Watoto wengi wakarudi nyumbani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka wa 1985, wazazi waliombwa tena kujenga karakana na vyumba vya sayansi ya nyumbani. Kila mzigo ulipoongezwa, familia yenye watoto watano ilikaa chini kuchagua nani abaki shuleni, na aliyeondolewa kwanza mara nyingi alikuwa msichana.

Mwaka wa 2003 karo ya msingi ilifutwa tena, na wanafunzi wakapanda kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka wa 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Tunashukuru kwa yote hayo. Hata hivyo bweni, sare, godoro, sanduku, nauli na sodo vimebaki juu ya mzazi, na kwa familia ya kibarua wa chai hivyo vyote pamoja ni mlima.

AKINA MAMA WA NGUMBARU

Tusiwasahau kina kogo wetu. Mwaka wa 1979 serikali ilianzisha kampeni ya taifa ya kufuta ujinga, na madarasa ya ngumbaru yakafunguliwa katika majengo ya shule na makanisa. Wengi wa wanafunzi walikuwa wanawake, wale wale waliotolewa shuleni mapema au wasioingia kabisa. Hakuna aliyewalipa kuhudhuria. Walitaka kusoma barua za watoto wao, kutia sahihi badala ya kidole gumba, kusoma mizani ya kituo cha kununulia chai wasipunjwe kilo, na kufungua kitabu cha nyimbo wakajua wimbo uko ukurasa gani.

Kwaya za makanisa zilikuwa shule ya pili. Mwalimu wa nyimbo aliandika do, re, mi ubaoni, na maneno chini yake. Mama aliyekuwa akiimba kwa kusikia tu alianza kufuata herufi kwa kidole, na mama anayesoma ni vigumu kumshawishi amtoe binti yake shuleni.

JIRANI ZETU WA ENOOSAEN

Ukivuka Sotik kuelekea Trans Mara utafika Enoosaen, kwa ndugu zetu Wamaasai. Huko alizaliwa Kakenya Ntaiya, aliyechumbiwa akiwa na umri wa miaka mitano. Alipokaribia umri wa kutahiriwa alifanya mapatano na baba yake: atakubali mila, mradi aruhusiwe kurudi shuleni amalize sekondari. Aliumia, lakini baba yake alitimiza ahadi.

Alipopata nafasi ya masomo katika chuo kimoja cha Virginia, Marekani, ilibaki nauli. Msichana kwenda ng'ambo halikuwa jambo la kawaida, na wengi walisema nafasi hiyo ingemfaa mvulana. Alikwenda kwa wazee mmoja baada ya mwingine mpaka kijiji kikakubali kumchangia. Mwaka wa 2000 akaondoka, huku akiwa ameahidi kurudi kuwasaidia watu wake. Alisoma mpaka shahada ya uzamifu, na mwaka wa 2009 akafungua shule ya bweni ya wasichana Enoosaen. Mzazi anayemleta binti yake pale hukubali kwanza kwamba hatatahiriwa wala kuozwa.

Angalia mambo mawili hapo. Chuo cha Marekani kilitoa masomo, lakini bila mchango wa kijiji asingepanda ndege. Tena, aliyesaidiwa hakuishia kushukuru. Amekuwa mlango wa wengine.

WANAOKAA MPAKA MWISHO

Jambo hilo limeonekana kwingine pia. Mwaka wa 1991 Ann Cotton, mwanamke wa Uingereza, alizuru sehemu za mashambani za Zimbabwe akitafuta kujua kwa nini wasichana hawasomi. Alidhani sababu ni mila. Alichokuta ni umaskini: mzazi mwenye fedha za mtoto mmoja alimchagua mvulana, akitumaini huyo ndiye atakayepata kazi. Mwaka wa 1993 alianzisha shirika la CAMFED, akianza na wasichana 32. Leo shirika hilo linafanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na wasichana waliosomeshwa wameungana katika chama chao kuwasomesha wadogo zao.

Hapa Kenya, mpango wa Wings to Fly ulioanzishwa mwaka wa 2010 na wakfu wa Equity pamoja na Mastercard Foundation umewachukua watoto werevu wa familia maskini, wavulana kwa wasichana, tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Haulipi karo tu, bali pia sare, vifaa, nauli na fedha kidogo za matumizi. Waliouanzisha walielewa kwamba mtoto anaweza kulipiwa karo yote na bado akabaki nyumbani kwa kukosa nauli.

Sheria nazo zimesaidia. Tangu mwaka wa 1994 msichana aliyejifungua ana ruhusa ya kurudi shuleni. Sheria ya mwaka wa 2011 inakataza ukeketaji. Tangu mwaka wa 2017 serikali inatakiwa kuwapa sodo bila malipo wasichana wa shule za umma. Lakini sheria haimfuati mtoto nyumbani wakati wa likizo. Anayemfuata ni shangazi, jirani, mwalimu wa Shule ya Jumapili, au mama wa kwaya anayeuliza, "Mbona fulani simwoni siku hizi?"

KAZI ILIYO MBELE YETU

Tumezoea kufanya harambee mtoto anapoingia sekondari. Ni siku ya furaha: barua ya kuitwa imefika, sanduku limenunuliwa, kwaya inaimba, mursik na ndizi vinapigwa mnada. Muhula wa kwanza unalipwa wote. Muhula wa tatu hakuna anayeuliza. Mwaka wa pili mtoto anarudishwa nyumbani na salio, anakaa wiki tatu, anakwenda kuchuma chai "kwa muda tu", na wakati mwingine harudi tena.

Basi katika jubilei hii tunaomba mambo matatu. Kwanza, tukimchangia binti, tuweke ahadi ya miaka yake yote ya sekondari, hata kama kila mmoja wetu atatoa kidogo zaidi kwa kila muhula. Afadhali mabinti wawili wamalize kuliko kumi waanze. Pili, kila binti anayesaidiwa awe na mama mmoja wa kwaya anayemjua kwa jina, anayempigia mwalimu simu, na anayemtembelea likizoni. Tatu, mabinti waliokwisha kusoma kwa mchango wa watu hawa wa Sosiot, popote walipo, kila mmoja amshike mkono mdogo wake mmoja.

Mwaka wa 1925 binti wa hapa hakuwa na nafasi Kabianga. Leo Kabianga pana chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka wa 2013, na mabinti zetu wanapita lango lake wakiwa na vitabu mkononi. Safari hiyo ililipiwa kwa sadaka za mbali na za karibu, kwa maziwa, kwa majani ya chai, na kwa nyimbo. Tunamshukuru Mungu kwa wote waliotoa. Kina kogo waliolipa bila kuandikwa popote, Bwana anawajua kwa majina yao.