Daftari za Parokia na Mabenchi ya Myddle

Myddle ni parokia ya wakulima katika kaunti ya Shropshire, kaskazini ya mji wa Shrewsbury, Uingereza. Sifa yake kwa wanahistoria imetokana na maandishi tu.

Parokia za Uingereza zilianza kuweka daftari kwa amri. Mwezi Septemba 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, kitunzwe ndani ya sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ukae kwa kasisi, wa pili kwa wazee wa kanisa. Wazembe walipe faini ya shilingi 3 na peni 4. Watu walinong'onezana kwamba ni hila ya kuwatoza kodi, na hawakukosea sana, ila kodi yenyewe ilichelewa: tangu 1783 hadi 1794 kila tukio lililoandikwa lilitozwa peni 3, mafukara wakisamehewa. Daftari nyingi za mwanzo zilikuwa za karatasi, zikaoza. Mwaka 1598 ikaamriwa zinakiliwe kwenye ngozi, na nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Nakala hizo huziba mapengo mengi leo.

Yaliyomo katika daftari hizo ni ya mkato mno. Katika ubatizo, mara nyingi baba hutajwa na mama huachwa. Ni kuanzia 1754 ndipo bwana na bibi harusi walipotakiwa kutia saini au alama, na 1813 fomu zilizopigwa chapa zikadai pia kazi ya baba. Mwaka 1837 serikali ikaanzisha usajili wake.

Maskini husikika zaidi kwenye karatasi za gharama. Kwa sheria ya 1601 kila parokia ililisha mafukara wake kwa kodi ya wenyeji, na ile ya 1662 iliruhusu mgeni aliyeelekea kuwa mzigo arudishwe kwao. Basi kibarua alihojiwa mbele ya mahakimu: alizaliwa wapi, alimtumikia nani, kwa muda gani. Mtu asiyejua kusoma akaachiwa hivyo wasifu mfupi, na sababu yake ni kwamba hakuna parokia iliyotaka kumlisha. Aliyejitegemea hakuulizwa kitu.

Myddle ina zaidi ya hayo, kwa sababu ya Richard Gough, mkulima msomi aliyezaliwa 1635. Kanisani kila benchi lilifungamana na shamba au nyumba fulani: wenye ardhi mbele, wa vibanda nyuma. Karibu na 1701 Gough alichora ramani ya mabenchi hayo, kisha akasimulia benchi baada ya benchi habari za koo zilizoyakalia, walevi na wezi wakiwemo. Anasema vijiji vitatu vya Myddle, Marton na Newton vilitoa wanaume 20 kwenda kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, na 13 wakauawa. Umbea wake ni mtamu, lakini haukuandikwa kiholela, maana mabishano juu ya nani ana haki ya benchi gani yalikuwa mabishano ya mali.

Kitabu chake hakikuchapwa hadi 1834. Mwaka 1974 mwanahistoria David Hey alitoa utafiti wake juu ya Myddle, akitumia masimulizi ya Gough pamoja na daftari za kanisa na wosia za wenyeji.